RIDHAA, SIRI NA UZEMBE: UHAKIKI WA DHANA ZA MSINGI ZA SHERIA NA MAADILI WANAZOFUNDISHWA WATUMISHI WA AFYA

Utangulizi

Tuseme mama mmoja wa Gehandu, katika nchi ya Wairaqw na Wadatooga iliyo upande wa Mbulu na Hanang, ameshikwa na uchungu wa uzazi tangu jana. Zahanati imemwandikia rufaa, naye amefikishwa hospitalini usiku. Daktari anaona kwamba mtoto hawezi kupita, na kwamba pasipo upasuaji wote wawili wamo hatarini. Muuguzi anatoa karatasi. Karatasi hiyo inampita mama aliyelala kitandani, inakwenda kwa mumewe aliyesimama mlangoni. Mume anaonyeshwa mahali, anaweka dole gumba. Dakika chache baadaye mama yumo katika chumba cha upasuaji. Mtoto analia, mama anapona, na jamaa wote wanamshukuru Mungu, kama iwapasavyo. Katika faili imeandikwa kwamba ridhaa ilipatikana.

Hapo ndipo maswali ya makala hii yanapoanzia. Ilipatikana ridhaa ya nani? Juu ya jambo gani? Na kwa lugha ipi? Mfano huu si habari ya hospitali fulani, wala haukutolewa ili kumwaibisha mtu. Umetolewa kwa sababu kila aliyewahi kukaa katika wodi za nchi yetu atautambua, na kwa sababu katika mfano huu hakuna mtu mwovu. Daktari alitaka kuokoa, muuguzi alifuata utaratibu, mume alimpenda mkewe. Hata hivyo mwenye mwili hakuulizwa neno.

Makala hii inakusudia kuhakiki namna dhana tatu za msingi, yaani ridhaa, siri na uzembe, zinavyoeleweka na kufundishwa kwa watumishi wa afya, hasa katika hospitali na vyuo vya Kanisa. Dai lake kuu ni hili: dhana hizo zimefika kwetu zikiwa majibu ya mazungumzo kati ya mgonjwa na mtumishi, lakini zinafundishwa kana kwamba ni karatasi za kujazwa. Zikigeuzwa hivyo, zinailinda taasisi badala ya kumlinda mgonjwa. Na mwisho haziilindi hata hiyo taasisi.

1. Dhana zilikotoka

Si vema kuzihukumu dhana hizi kabla ya kukumbuka kilichozizaa. Kanuni ya Nuremberg ya mwaka 1947 ilitokana na hukumu juu ya madaktari wa Ujerumani waliofanya majaribio juu ya wafungwa. Sharti lake la kwanza ni kwamba mtu anayefanyiwa jaribio awe ameridhia kwa hiari yake. Mwaka 1948 Chama cha Madaktari Duniani kilitoa Azimio la Geneva kama kiapo kipya cha udaktari, na mwaka 1964 kikatoa Azimio la Helsinki juu ya utafiti kwa binadamu. Inafaa kukumbuka kwamba kiapo cha Geneva kilikaa karibu miaka 70 kabla ya kurekebishwa mwaka 2017 ili kutaja wazi uhuru wa mgonjwa wa kujiamulia. Maana yake ni kwamba hata wenzetu wa mbali walichelewa kukubali kuwa mgonjwa ana neno lake. Hatuna sababu ya kujiona tuko nyuma peke yetu.

Kitabu kilichoenea kuliko vingine katika somo hili ni kile cha Tom Beauchamp na James Childress, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1979 na kufikia chapa ya nane mwaka 2019. Waandishi hao wanaweka mbele nguzo nne: kuheshimu uhuru wa mtu kujiamulia, kutodhuru, kutenda mema, na haki. Nguvu ya kitabu hiki ni kwamba wakana Mungu na waumini, madaktari na mawakili, wote wanaweza kukaa chini ya paa lake bila kugombana kwanza juu ya imani. Udhaifu wake unaonekana darasani. Nguzo nne ni rahisi kukariri. Mwanafunzi huziandika katika mtihani, hupata alama, kisha hurudi wodini bila kujua aseme nini kwa mama wa Gehandu. Waandishi wenyewe hawakukusudia hivyo. Wao wanasisitiza kwamba nguzo hizo hupimwa katika kila tukio, moja kwa nyingine. Lakini orodha ina tabia yake: ikishaingia katika daftari, kazi ya kupima huachwa nje.

Dhidi ya kosa hilo la kukariri kuna kosa la pili, nalo ni hatari zaidi kwa kuwa linavaa vazi la uzalendo. Husemwa kwamba uhuru wa kujiamulia ni jambo la Wazungu, na kwamba kwetu uamuzi ni wa ukoo. Kwa hiyo karatasi kwenda kwa mume ni utamaduni, si kosa. Hoja hii ina ukweli ndani yake, maana hakuna mtu katika Gehandu anayeugua peke yake. Lakini hoja hii inapofika mahali pa kumnyamazisha mwanamke, basi inasema uongo hata juu ya utamaduni wenyewe. George Klima, aliyeishi miongoni mwa Wabarabaig wa Hanang na kuandika juu yao katika miaka ya 1960, alieleza jinsi wanawake wa jamii hiyo walivyokuwa na baraza lao, lenye uwezo wa kumhukumu na kumtoza faini mwanamume aliyewakosea wanawake, hasa katika mambo yanayogusa uzazi. Jamii yenye baraza kama hilo haiwezi kuitwa shahidi wa fundisho la kwamba mwanamke hana sauti juu ya mwili wake. Pengine utamaduni unaotajwa ni ule wa foleni na haraka, ambao asili yake ni hospitalini.

2. Ridhaa

Sheria yetu inasimama wapi? Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika Hati ya Haki iliyoingizwa mwaka 1984, inatambua heshima ya kila mtu (ibara ya 12), haki ya kuishi (ibara ya 14), na hifadhi ya nafsi na maisha binafsi (ibara ya 16). Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 230, inamwondolea hatia mtu afanyaye upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ustadi wa kutosha, kwa faida ya mgonjwa, au juu ya mtoto aliye tumboni ili kuokoa maisha ya mama, iwapo upasuaji huo unafaa kwa kuangalia hali yote. Yaani daktari anayemwokoa mtu asiyejitambua hana sababu ya kuogopa kwamba hakupata sahihi. Na mtu mzima mwenye akili timamu, mwanamume kwa mwanamke, ndiye anayeridhia kwa ajili ya mwili wake. Dole gumba la mume mlangoni linaweza kuwa faraja, linaweza kuwa ushahidi kwamba jamaa wameelezwa, lakini haliwezi kuwa badala ya neno la mama anayesikia na kuelewa.

Kwa upande wa mahakama, nchi yetu ilirithi sheria ya mapokeo ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na hukumu za Uingereza za baada ya tarehe hiyo husikilizwa kama ushauri, si kama amri. Kwa hiyo inatuhusu kujua kwamba Uingereza yenyewe imebadili njia. Kwa muda mrefu, tangu hukumu ya Bolam ya mwaka 1957, kipimo kilikuwa kile ambacho madaktari wenyewe wangeona kinafaa. Mwaka 2015, katika shauri la Montgomery, Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba katika kumweleza mgonjwa hatari za matibabu kipimo ni kile ambacho mgonjwa mwenye busara katika hali ile angependa kukijua. Shauri lile lilihusu mama mjamzito mwenye kisukari, mfupi wa kimo, ambaye hakuelezwa kwamba mabega ya mtoto yangeweza kukwama. Huhitaji kusafiri hadi London kuielewa hukumu hiyo. Ni mama wetu yule yule.

Lakini kuelezwa ni kuelezwa kwa lugha gani? Hapa ndipo dhana ya ridhaa inapopata mtihani wake mkubwa katika eneo letu. Kuzunguka Haydom, ambako Misheni ya Kilutheri ya Norwei ilianzisha hospitali mwaka 1955, zinasemwa lugha za asili nne zilizo mbalimbali kabisa: Kiiraqw, Kidatooga, Kiisanzu na Kihadza. Kiswahili kinaunganisha, lakini bibi mzee wa Gehandu anaweza kuitikia kwa Kiswahili "ndiyo" yenye maana ya "nimekusikia", "nakuheshimu", au "nimechoka". Muuguzi aliyefundishwa vema anajua kuitikia si kuridhia. Atamwomba mgonjwa arudie kwa maneno yake kile alichoelezwa, na kama lugha inakwama, atatafuta mkalimani ambaye si shemeji wala mkwe wa mgonjwa, maana kuna mambo ambayo heshima ya ukwe haiyaruhusu kutamkwa.

Tena, karatasi ina historia. Wananchi wa Hanang hawakuanza kukutana na karatasi hospitalini. Wakati mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO yalipochukua maeneo yao, kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilikipa ushindi NAFCO, kwa kuwa baraza la kijiji halikuthibitisha kwamba liligawiwa ardhi ile kwa njia ya kisheria. Mtu aliyejifunza kwamba karatasi ndiyo inayoondoa malisho hatalitazama dole gumba lake kama jambo dogo. Akisita, tusiseme haraka kwamba ni mjinga. Pengine anakumbuka kuliko sisi.

Jambo hili linakuwa zito zaidi katika utafiti. Haydom ilikuwa mojawapo ya vituo vinane duniani vya utafiti wa MAL-ED, ulioanza mwaka 2009 na kufuatilia watoto tangu kuzaliwa ili kuelewa uhusiano wa utapiamlo na maradhi ya tumbo. Kazi kama hiyo ni ya thamani, na hapa nchini utafiti wa afya hupitia kamati za maadili, pamoja na ile ya kitaifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Lakini mbele ya mama, mkono unaotoa dawa na mkono unaochukua damu kwa ajili ya utafiti vinafanana, na mara nyingine ni mkono mmoja. Ridhaa ya matibabu husema: "Jambo hili ni kwa faida yako." Ridhaa ya utafiti lazima iseme: "Jambo hili ni kwa ajili ya maarifa, huenda lisikufae wewe, ukikataa, matibabu yako hayatapungua." Pwani na bara, wazee wetu walikuwa na neno moja kwa woga wa kuchukuliwa damu bila kuelezwa: mumiani. Wasomi wamezoea kulicheka neno hilo. Mimi nalisoma kama maombi ya ridhaa yaliyokosa mtu wa kuyasikiliza.

Mwanafunzi wa theolojia atauliza somo hili linamhusu nini. Na asome Injili kwa macho ya muuguzi. Kando ya birika la Bethzatha, Yesu anamkuta mtu aliyeugua miaka 38. Haja yake inaonekana wazi, na bado anamwuliza kama anataka kuwa mzima (Yohana 5). Huko Yeriko, kipofu Bartimayo anapiga kelele, kila mtu anajua anachotaka. Na bado anaulizwa atendewe nini (Marko 10). Yeye ajuaye yote haponyi kabla ya kuuliza. Basi sisi tusiojua yote tunapata wapi ujasiri wa kuanza bila swali?

3. Siri

Dhana ya pili imepata hasara kutokana na neno lenyewe. Katika mazungumzo ya kawaida "siri" ni jambo la kufichwa kwa kuwa lina aibu. Kwa hiyo mtumishi anapoambiwa atunze siri ya mgonjwa, huelewa kwamba atunze yale yenye aibu: UKIMWI, kaswende, mimba ya msichana wa shule. Mengine, kama vile shinikizo la damu au henia, huyasimulia sokoni bila kuona kosa. Hapa ndipo mafundisho yanapopaswa kunyooshwa. Habari ya mgonjwa inatunzwa kwa sababu ni yake, iwe ina aibu au haina. Tena, tunapozitunza kwa ukali zile za UKIMWI peke yake, tunazitangaza. Maana kadi ya rangi ya pekee na mlango wa pekee husema kwa sauti kuu kuliko mdomo.

Sheria imejaribu kusaidia. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inataka upimaji uwe wa hiari na majibu yawe siri, na inafanya kuwa kosa kwa mtumishi wa afya kuyatoa ovyo. Ingawa yenyewe inafungua milango michache, kama ule wa mwenzi wa ndoa. Marekebisho ya mwaka 2019 yalishusha umri wa kuridhia kupimwa bila idhini ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imezihesabu habari za afya kuwa miongoni mwa zile zinazohitaji ulinzi wa pekee. Kwa hiyo picha ya jeraha iliyopigwa kwa simu ya mkononi na kutumwa katika kundi la marafiki si mzaha tena.

Lakini kijijini siri ina uzito ambao wabunge hawakuuandika. Wataalamu walioandika juu ya Wairaqw, kama Robert Thornton na Katherine Snyder, wameeleza desturi yao ya kujitenga: misiba fulani, ikiwemo kufiwa na kuharibika kwa mimba, ilihesabiwa kuleta unajisi, na waliopatwa walipaswa kukaa mbali na majirani kwa muda. Msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa zamani aliondolewa katika eneo la jamaa zake ili nchi isiharibike. Desturi hizo zimepungua nguvu, na Ukristo umechangia katika hilo, lakini hazijafutika katika mioyo. Sasa fikiri juu ya muuguzi mzaliwa wa Gehandu anayefanya kazi jirani na kwao. Anaona katika daftari kwamba mimba ya jirani yake imeharibika. Akinyamaza, mbele ya wazee atakuwa ameshiriki kuihatarisha jamii. Akisema, nyumba ile itafungiwa milango. Somo lililomfundisha kwamba siri ni ukurasa mmoja wa kanuni halikumwandalia saa hiyo.

Makala hii haidai kwamba ina jibu jepesi. Inadai tu kwamba jibu lianzie kwa mgonjwa. Muuguzi ana haki, tena ana wajibu, wa kumwuliza mama yule: "Ungependa nani ajue? Ungependa nani asijue? Ukitaka kuwaambia wazee wako, nikusaidieje?" Kufichua bila kuulizwa ni usaliti. Lakini kuna mgonjwa ambaye hakuulizwa, na ambaye siri iliyotunzwa vema imemwacha peke yake na mzigo aliotaka sana kuugawa. Yesu alipomtakasa mwenye ukoma alimwagiza asimwambie mtu, kisha akamtuma akajionyeshe kwa kuhani (Marko 1). Siri na mlango vinakwenda pamoja: kwa umati hapana, kwa yule mwenye mamlaka ya kumrudisha katika jamii ndiyo.

4. Uzembe

Dhana ya tatu ndiyo inayowatisha watumishi kuliko zote, nayo imepotoshwa zaidi na lugha. Kwa Kiswahili cha kila siku "mzembe" ni mvivu, mtu asiyejali. Mahakamani uzembe ni jambo jingine. Mdai anapaswa kuonyesha mambo manne: kwamba mtumishi alikuwa na wajibu wa uangalifu kwake, kwamba aliuvunja wajibu huo kwa kutofikia kiwango cha mwenye ujuzi wa kazi hiyo, kwamba madhara yametokea, na kwamba madhara hayo yametokana na kuvunjwa huko. Katika mambo hayo manne, uvivu haumo. Muuguzi aliyesimama saa 16 mfululizo, peke yake, akiwa na wagonjwa 40, anaweza kutenda uzembe wa kisheria huku akiwa mtu mwenye bidii kuliko wote katika jengo lile. Pamoja na madai ya fidia kuna pia jinai: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 233, inamgusa mtu anayetoa matibabu kwa namna ya kutojali au ya uzembe kiasi cha kuhatarisha maisha ya mwingine.

Kutokuitofautisha maana ya mtaani na maana ya sheria kunazaa mabaya mawili. Kwanza, mtumishi husikia neno hilo kama tusi, naye hujitetea kama mtu aliyetukanwa: anaficha kosa, anarekebisha faili, anamlaumu mgonjwa kwa kuchelewa kufika. Pili, wakubwa hupata njia rahisi. Mtu mmoja akishaitwa mzembe na kufukuzwa, hakuna anayeuliza juu ya zamu, dawa zilizokosekana, wala taa iliyozimika.

Tukumbuke yaliyotukia mwezi Novemba 2007 katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa: aliyekuwa na tatizo la kichwa akapasuliwa goti, na aliyeumia goti akapasuliwa kichwa. Yule wa kwanza hakuishi. Taifa zima lilisema kwa sauti moja: uzembe. Neno lilikuwa sahihi, lakini halikutosha. Yafaa tuulize swali la mtoto: je, wagonjwa hao, kabla ya kulazwa usingizi, waliombwa kusema majina yao yote na kiungo kinachowauma?

Swali hilo la mtoto ndilo lililoingia baadaye katika orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ambayo matokeo ya majaribio yake yalichapishwa Januari 2009. Miongoni mwa hospitali nane zilizoijaribu, moja ilikuwa Ifakara, hapa kwetu. Jambo la kwanza katika orodha hiyo, kabla ya dawa ya usingizi, ni kwamba mgonjwa athibitishe yeye ni nani, anapasuliwa wapi, anafanyiwa nini, na kwamba ameridhia. Msomaji ataona kwamba hapa dhana zetu zinakutana. Ridhaa, iliyodhaniwa kuwa adabu tu, imekuwa kinga dhidi ya uzembe. Kinywa cha mgonjwa ni sehemu ya vyombo vya upasuaji. Anayempita mgonjwa akaenda mlangoni na karatasi hajamvunjia heshima tu, bali amelitupa shauri la mtu mmoja aliyejua kwa hakika mahali panapouma.

Kuhusu kukiri kosa, Kanisa linalofundisha toba lina deni la pekee. Ni ajabu kwamba katika ibada ya Jumapili tunaungama wote kwa pamoja, na Jumatatu katika kikao cha idara hakuna aliyekosa. Hospitali ya Kanisa ingepaswa kuwa mahali ambapo muuguzi anaweza kusema, "Nilikosea kipimo cha dawa," akasikilizwa, mgonjwa akaelezwa ukweli, na kipimo kikarekebishwa kabla ya mgonjwa wa pili. Hii haina maana ya kufuta uwajibikaji. Mtu aliyeumizwa ana haki ya kuambiwa na kufidiwa, na msamaha usioanzia kwake si wetu kuutoa.

5. Neno juu ya "mteja"

Tangu kuchangia gharama kulipoanzishwa katika hospitali za serikali mwaka 1993, neno "mteja" limezidi kuchukua nafasi ya "mgonjwa" katika mabango na semina. Kusudi lilikuwa jema: mteja huheshimiwa, mgonjwa huamrishwa. Lakini mteja anaheshimiwa kwa kuwa analipa, naye asiye na fedha si mteja wa mtu yeyote. Kiswahili kimetupa neno bora zaidi, nalo ni "haki", ambalo kwetu lina maana mbili kwa pamoja: kile ninachostahili, na ule unyofu ambao kwa huo wote wanatendewa sawasawa. Mama wa Gehandu anastahili kuulizwa hata kama hana senti. Aidha, majeruhi wa ugomvi anastahili kuzuiliwa damu hata kama fomu ya polisi namba 3 haijafika, maana fomu ile ni ya ushahidi. Haikuwekwa iwe ruhusa ya kutibu.

Hitimisho

Nini kifanyike? Yako mambo matatu yaliyo katika uwezo wa vyuo vyetu, pasipo kungoja wafadhili. La kwanza, somo la sheria na maadili lifundishwe kwa Kiswahili, na kwa mazoezi ya maneno yenyewe yanayosemwa kitandani. Tangu mwaka 2021 sheria ya nchi imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Hakuna udhuru wa kumfundisha muuguzi haki za mgonjwa kwa lugha ambayo mgonjwa haijui. La pili, vyuo vya uuguzi na vyuo vya theolojia vikae pamoja katika somo hili, kwa kuwa mchungaji na muuguzi hukutana kando ya kitanda kile kile na hutunza siri zile zile. La tatu, wazee na akina mama wa vijijini waitwe darasani kama walimu, watueleze kwa Kiiraqw na Kidatooga mtu huridhiaje, hukataaje bila kutukana, na jambo gani halisemwi mbele ya nani.

Turudi kwa mama yetu. Upasuaji ulikuwa wa lazima, na saa ilikuwa mbaya. Hata hivyo, kati ya uamuzi wa daktari na kisu zilikuwapo dakika chache, maana karatasi ilipata nafasi ya kutembea hadi mlangoni na kurudi. Katika dakika hizo muuguzi angeweza kuinama, akamshika mkono, akasema kwa lugha ya nyumbani kwake: "Mtoto amekwama. Tunataka kumtoa kwa kupasua tumbo, ili ninyi wawili mpone. Hatari yake ni hii. Wewe wasemaje? Nimwite mume wako asikie pamoja nawe?" Karibu kwa hakika mama angejibu ndiyo. Mtoto angelia vile vile, na faili lingeandikwa maneno yale yale. Lakini safari hii yangekuwa kweli.